Mshono Unaoanzia Katikati

Hivi wewe, unajua kwamba kabla hujawa na kichwa wala miguu ulikuwa bapa, kama kipande cha kitambaa kilicholazwa mezani? Mimi nilikuwa sijui. Nimezaa, nimelea, nimeogesha vitoto vya kila namna, na darasa la saba nilimaliza nikiwa wa nne, lakini hilo hakuna aliyewahi kuniambia. Nimeambiwa uzeeni, na aliyeniambia ni mjukuu wangu, mvua ikipiga bati juu yetu, mama yake akiwa upande wa pili wa pazia anapiga pasi na hataki kusikia.

Ngoja nikuoneshe nyumba kwanza, maana bila nyumba hutaelewa. Chumba cha mbele ni changu cha kazi. Nashona sare za shule: sketi, kaptula, mashati ya mikono mifupi. Cherehani iko chini ya dirisha, meza ya kukatia iko katikati, na ukutani kuna doa la unyevu ambalo kila msimu wa mvua linajiongezea. Mwaka huo lilikuwa limefika usawa wa saa ya ukutani. Kati ya chumba hicho na cha pili palikuwa na mlango, bawaba zikavunjika, tukatundika pazia la maua ya zambarau ambayo sasa ni ya kijivu. Nyuma ya pazia ndipo ilipo meza ya pasi. Mwanangu wa pekee, yaani mama wa huyo mjukuu, anafua na kunyoosha shuka za nyumba ya wageni, na mvua zikizidi anakuja nazo nyumbani kuzimalizia. Basi ukikaa kwetu unasikia vitu viwili kutwa nzima, cherehani yangu inavyokimbia na pasi yake inavyopumua. Pazia linazuia macho tu. Maneno yanapita kama kawaida.

Mjukuu tunamwita Kibiriti. Ni mdogo wa umbo, na ukimsugua vibaya anawaka. Baba yake alifariki Kibiriti akiwa bado anatambaa, akalelewa na sisi wanawake wawili, na akili za darasani alizozionesha hatukujua kazitoa wapi. Alikuwa mwaka wa pili wa kusomea udaktari.

Sasa kuna jambo la nyumba hii. Habari za mimba hazizungumzwi. Mwanangu si mtu mgumu, usidhani. Anacheka, anatuhadithia wageni wanaosahau soksi moja na kurudi kuidai kama dhahabu. Lakini jirani akija kusema binti wa fulani ni mjamzito, yeye anainuka, anakwenda kuangalia sufuria ambayo haina kitu. Amekuwa hivyo tangu kabla ya Kibiriti. Kulikuwa na mtoto wa kwanza, hakukaa. Hayo ndiyo maneno yote Kibiriti aliyowahi kupewa: "Alikuwepo mmoja kabla yako, hakukaa."

Na katika masomo yote aliyosoma, akaja kuanguka kwenye hilo hilo. Jinsi mtu anavyoumbwa tumboni.

Si kwamba hakusoma. Alisoma mpaka macho yakawa mekundu. Tatizo lilikuwa mwalimu wao. Wanafunzi walimpachika jina la Bwana Kwa Hiyo, kwa sababu ukimjibu lolote anakutazama juu ya miwani anasema, "Kwa hiyo?" Mtihani wake ni wa mdomo, na hataki maneno ya kitabuni. Anakuweka mbele ya mtungi wa kioo wenye kijusi ndani, anakwambia: mimi ndiye mama wa huyu, nieleze nielewe. Mara ya kwanza Kibiriti alimwaga majina magumu kama mvua ya mawe. Bwana Kwa Hiyo akasema, "Kwa hiyo?" Akamwaga mengine. "Kwa hiyo?" Akanyamaza. Akaanguka.

Akapewa nafasi ya kurudia. Akianguka tena, jina linafutwa, anarudi nyumbani na sanduku lake.

"Bibi," akaniambia, "nahitaji mtu asiyejua kitu kabisa."

"Umefika," nikamwambia. "Kaa."

Ndivyo tulivyoanza. Nilimpa vipande vilivyobaki: buluu ya sketi, nyekundu ya fulana za michezo, njano ya bitana. Akavikata umbo la soli ya kandambili, akavilaza kimoja juu ya kingine.

"Huyu ndiye mtu, Bibi."

"Mtu gani hana hata shingo?"

"Subiri. Hii buluu ya juu itakuwa ngozi, na ubongo, na uti wa mgongo. Nyekundu ya katikati itakuwa mifupa, nyama na damu. Njano ya chini itakuwa utumbo."

"Kumbe ubongo na ngozi vinatoka kitambaa kimoja?"

"Kimoja."

"Ndiyo maana wewe ukiguswa kidogo tu kichwa kinapanda."

Akacheka. Nyuma ya pazia pasi ikasita, kisha ikaendelea.

Akaichukua ile buluu akaibinya katikati, kwa urefu, pakawa na mfereji. Kingo mbili zikanyanyuka. Akazisogeza zikakaribiana. "Hizi zinakutana, zinashikana, linakuwa bomba. Bomba hilo linazama ndani. Upande huu linavimba, ndiyo ubongo. Upande huu linabaki jembamba, ndiyo uti wa mgongo."

Mimi nimeshona mabomba ya suruali maisha yangu yote. Nikachukua pini. "Basi unaanzia ncha hii unakwenda mpaka ile."

"Hapana, Bibi. Unaanzia katikati, hapa usawa wa shingo, halafu unakwenda pande zote mbili, juu na chini. Ncha ndizo zinazofungwa mwisho."

"Fundi gani anashona hivyo? Huyo amelewa."

"Ndiye aliyekushona wewe."

Nikapachika pini alivyonielekeza. Na kweli, ncha zilibaki wazi, midomo miwili midogo ya buluu, mmoja juu, mmoja chini. Nikauliza kama fundi yeyote angeuliza, bila kufikiri: "Na zisipofunga?"

"Ya chini isipofunga, mtoto anazaliwa mgongo uko wazi. Ya juu isipofunga, fuvu la juu haliji, na ubongo wa juu..."

Hapo nikaelewa. Sikuhitaji amalizie. Nikaweka mguu kwenye pedali, nikaiendesha cherehani tupu, bila nguo, bila uzi, ipige kelele.

"Bibi, vipi?"

"Twende kwenye moyo. Moyo unashonwaje?"

Akaniangalia kwa jicho la kuuliza, lakini akanihurumia akadhani nimechoka. Tukaenda kwenye moyo. Kila tulipokaa siku zilizofuata nilimvusha pale juu juu, tukahamia mikono, figo, masikio yanavyopanda kutoka shingoni. Mikono ilinifurahisha. Inaanza kama makasia, vidole vimeungana, halafu zile nyama za katikati zinakufa zenyewe ili vidole viachane. Nilikaa nikiangalia vidole vyangu muda mrefu.

Sasa kuna mwenzake mmoja wa darasani, kijana mrefu, tunamwita Redio kwa sababu hazimiki. Alikuja Jumamosi wasome pamoja. Viatu vimelowa, akaviacha mlangoni, soksi moja ina tundu la kidole gumba.

"Mchumba wangu!" akaniita kutoka barazani.

"Mchumba gani anakuja mikono mitupu?"

"Nimekuja na mapenzi na njaa."

"Mapenzi yaache hapo na viatu. Njaa ingia nayo."

Nikampa chai. Wakakaa mezani, vitambaa vyetu vikiwa vimetandazwa. Redio akavisifia, akasema huu ni ufundi wa hali ya juu, akaniomba nimshonee figo ya akiba. Mwanangu alikuwa nyuma ya pazia na shuka zake. Alikuwa amemwitikia Redio salamu vizuri tu.

"Sasa sikiliza, Kibiriti," Redio akasema, mdomo umejaa. "Wewe ni mtu wa kurudia. Watu wa kurudia hawapewi mitungi ya kawaida. Atakupeleka rafu ya mwisho, dirishani. Atakupa Chura."

"Usiseme hivyo."

"Si ndivyo tunavyomwita wote? Macho yametoka hivi, kichwa kimekatika hapa juu ya nyusi, shingo hakuna. Chura mtupu! Mwaka jana kuna mmoja alimfungia tai..."

Harufu ilitangulia. Nguo inayoungua ina harufu yake, kama karatasi. Kisha pazia likavutwa, na mwanangu akasimama pale, pasi bado iko mkononi, waya wake umenyooka nyuma mpaka mwisho.

"Nani mnamwita chura?"

Redio akasimama, kikombe kikamwagika. "Mama, samahani, ni... ni kielelezo tu cha chuo, Mama."

"Nimeuliza nani."

Kibiriti ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini. "Ni mtoto, Mama. Alizaliwa bila fuvu la juu."

"Basi mwiteni mtoto."

Akarudi ndani. Tukasikia akichomoa pasi ukutani. Kwenye shuka lile palibaki alama ya kahawia, umbo la pasi kamili na ncha yake. Redio akavaa viatu vyake vilivyolowa bila kufunga kamba, akaniomba radhi mara nyingi kuliko alivyohitaji, akaondoka bila mzaha hata mmoja. Sikuwahi kumwona amenyamaza namna ile, na nilimwonea huruma, maana hakujua.

Kibiriti alikuwa anavikusanya vitambaa.

"Bibi. Yule wa kwanza. Hakukaaje?"

Nikamtazama. Mama yake alikuwa ametoka nje uani, tulimsikia akisogeza ndoo. Nikamweleza.

Nilimweleza kuhusu ukumbi wa wodi ile, kuta zimepakwa rangi ya kijani mpaka usawa wa bega na juu yake chokaa. Benchi lilikuwa na mguu mmoja mfupi, ukikaa pembeni linainama. Mwanangu aliingia leba alfajiri. Baadaye sana, jua likiwa limeshafika kwenye sakafu ya ukumbi, nesi mmoja akatoka, mrefu, viatu vyake vinalia kila hatua, amebeba kitu kwenye shuka la hospitali. Akaniambia, "Mama, mtoto ametoka amekwisha. Usimfunue. Na mama yake tusimwoneshe, atapoteza akili." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ananishika bega anaposema. Ndivyo walivyokuwa wakifanya wakati ule kwa watoto wa namna hiyo, wanawapitisha pembeni, wanawafunga, basi.

"Ulimfunua?" Kibiriti akauliza.

"Nilimfunua."

"Ukaona nini?"

"Niliona ulichokisoma. Na niliona mdomo. Mdomo wake ulikuwa wa mama yako, huu wa juu umechongoka hapa katikati. Na kucha zilikuwa ndefu, zilihitaji kukatwa. Alikuwa wa kiume."

Akainamisha kichwa mezani.

"Mama yako hakuniuliza hata siku moja," nikamwambia. "Nilipojaribu kumwambia, akasema, Mama, hayo yameisha. Wenzake wa kule anakofua ndio waliokuwa na maneno. Walisema ni pasi. Eti joto na mvuke wa pasi tumboni, mtoto ameungua akiwa ndani. Wapo wanaoamini mpaka leo. Mjamzito wa kule hawamwachii ashike pasi."

"Si kweli!" Akainuka, amewaka. "Bibi, si kweli. Lile bomba linafunga wiki ya nne, mwanamke mwenyewe hajajua kama ana mimba. Pasi inahusu nini? Miaka yote hii anadhani ni yeye?"

"Mimi sijui anachodhani."

"Nitamwambia."

Sikumzuia. Ningemzuiaje? Nilidhani kama yeye. Nilidhani mwanangu amebeba lawama ile, na kwamba siku akija mtu mwenye elimu akamwondolea, atashusha pumzi.

Kesho yake mvua ilikatika asubuhi, mwanangu akatoka kuanika. Uani kwetu kamba ziko tatu, na shuka zikiwa zimeanikwa huwezi kumwona mtu, unaona miguu yake tu. Nilikuwa dirishani naingiza uzi. Nikaona miguu ya Kibiriti ikisogea mpaka kwenye miguu ya mama yake.

"Mama, naomba nikwambie kitu. Bibi amenieleza. Mama, haikuwa pasi."

Shuka likakung'utwa.

Kibiriti akaendelea, akamweleza vizuri sana, kuliko alivyowahi kunieleza mimi. Mfereji, kingo, mshono unaoanzia shingoni. Kwamba ulikosa kufunga mapema mno. Kwamba kilichosababisha hakikuwa kubeba kitu kizito wala kusimama kwenye joto. Alipomaliza, alikuwa anahema.

"Umemaliza?" mama yake akamuuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Haya nisikilize na mimi. Pasi ninayoishika kila siku, ningekuwa naamini ndiyo iliyoniulia mtoto, ningeishika? Ningepika uji kwa pesa yake, nikunyweshe wewe?"

"Mama, mimi nilitaka tu..."

"Kila mtu ananiletea sababu. Wale walikuja na pasi. Shangazi yako alikuja na mapepo. Mwingine akasema ni damu ya baba yako. Leo na wewe umekuja na mshono. Nimekuomba sababu mimi? Siku gani nimekuja kwako nikasema, mwanangu, nitafutie sababu?"

"Basi unataka nini, Mama?"

Niliiangalia miguu ya mwanangu. Kidole kimoja cha mguu kilikuwa kinachimba udongo. Nilidhani atasema. Halafu akainama, akachukua beseni, akaingia ndani akapita mgongoni kwangu.

Wiki hiyo nyumba ilikuwa nzito. Mvua ilirudi. Tulikula tukiangalia sahani. Kibiriti alisomea chuoni mpaka jioni, akirudi anaoga analala. Vitambaa vyetu alivikunja akaviweka chini ya kopo la vifungo, na sikuvigusa. Nyuma ya pazia pasi ilikuwa inapumua kama mtu mwenye kifua.

Siku ya mtihani aliniomba nimsindikize. Tangu darasa la kwanza hakuwahi kuniomba hivyo. Nikavaa viatu vyangu vya kufunika, tukaenda.

Jengo lenyewe ni la zamani, madirisha marefu, ngazi zimeliwa katikati na miguu ya watu. Ukumbini kulikuwa na harufu kali inayoingia mpaka kwenye meno. Nikakaa kwenye kiti cha mbao karibu na mlango. Juu ya mlango kuna kidirisha cha kuingiza hewa, kilikuwa wazi, na mlango wenyewe ulibaki umeegeshwa. Niliona rafu. Niliona mitungi, mikubwa na midogo, maji yake yamegeuka rangi kama ya chai nyepesi, na ndani yake vitu vyeupe vimejikunja. Vingine vidogo kama harage. Kwa mbali ungedhani ni duka la achari, Mungu anisamehe. Hawakuwa na majina. Kila mtungi ulibandikwa namba, basi.

Nikasikia viatu vya Bwana Kwa Hiyo vikienda mpaka mwisho, dirishani.

"Huyu unamjua?"

"Namjua."

"Wenzako wanamwitaje?"

"Mimi namwita mtoto."

"Haya. Mimi ndiye mama yake. Nimejifungua jana. Nieleze."

Nikasikia kiti kikiburutwa.

"Unafanya nini?"

"Nakaa kwanza, Mama. Siwezi kukueleza nikiwa nimesimama. Pole sana."

"Kwa hiyo?"

Basi akaanza. Hakuna jina gumu hata moja. Alimwambia kuhusu kitambaa bapa, akamwambia kuhusu mfereji. Alipofika kwenye mshono nikajikuta vidole vyangu vinabinya gauni langu magotini, vinafuata.

"Ni kosa langu?" Bwana Kwa Hiyo akauliza. Alikuwa anajua kuigiza, sauti ilikuwa imeshuka. "Nilikuwa nachota maji mbali."

"Si kosa lako. Ule mshono ulipokosa kufunga, hata wewe hukuwa umejua kama una mimba. Siku hizi kuna vidonge tunavyowapa wanawake mapema, vinapunguza, lakini haviondoi kabisa. Kwa nini awe wako na si wa mwingine, sijui. Nikisema najua nitakuwa nakudanganya."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimemaliza ya kwangu. Labda si hayo uliyotaka, Mama. Kama kuna lako, niulize."

Bomba la maji lilikuwa linadondoka mahali.

"Alikuwa hai?" akauliza yule mwalimu. Sikujua tena kama anaigiza.

"Sehemu ya chini ya ubongo, hii inayokaa juu ya shingo, mara nyingi wanakuwa nayo. Hiyo ndiyo inayopumulisha. Wengi wanatoka wamekwisha. Wengine wanaishi saa chache, mara chache siku. Hao wanaweza kulia. Wakipewa ziwa, wapo wanaonyonya."

"Wapo?"

"Wapo, Mama."

Mimi kwenye kiti changu nikayakumbuka maneno ya yule nesi. Ametoka amekwisha, ndivyo tulivyoambiwa. Nililishika neno hilo kama mtu anavyoshika ukuta. Ametoka amekwisha. Lakini mwanangu aliingia leba alfajiri, na yule nesi alitoka jua likiwa sakafuni, na mimi sikuwahi kujiuliza saa zile zote zilikuwa za nini.

"Nenda," Bwana Kwa Hiyo akasema. "Umefaulu."

Akatoka. Hakuruka, hakucheka. Akanishika mkono tukashuka zile ngazi. Nikamwambia, "Hongera, mjukuu wangu." Akasema, "Asante, Bibi." Njiani magari yalikuwa yanaturushia maji machafu na hata hatukuruka pembeni.

Tulimkuta mwanangu ameketi kitandani, chumba cha pili, anakunja foronya. Pazia lilikuwa wazi. Kibiriti akasimama kizingitini na koti lake limelowa.

"Nimefaulu, Mama."

"Nashukuru Mungu." Akakunja foronya nyingine, akailaza juu ya zile za kwanza, akainyoosha kwa kiganja. Kisha, bila kuinua macho, akauliza swali ambalo tangu Kibiriti aingie chuo hajawahi kuuliza. "Umeulizwa nini?"

Kibiriti akanitazama mimi. Nikampa ishara ya kichwa aseme.

"Nimeulizwa habari za yule mtoto wa kule chuo, Mama. Kama wanazaliwa hai, watoto wa namna ile."

"Ukasemaje?"

"Mama, tuache."

"Nimekuuliza ukasemaje."

"Nimesema wengine wanakuwa hai kwa muda. Wanapumua. Wanalia. Nimesema wakipewa ziwa, wapo wanaonyonya."

Mwanangu akaacha kukunja. Mikono yake ilibaki juu ya foronya, ile mikono yenye alama za pasi, na uso wake ulilegea kama wa mtu aliyetua mzigo kichwani na bado shingo inauma.

"Wananyonya?"

"Baadhi, Mama. Siyo wote."

"Alilia, Mama," akasema, na Mama ni mimi. "Walikwambia ametoka amekwisha. Alilia. Nyuma ya kile kizuizi cha kitambaa cheupe chenye magurudumu, kati ya vitanda. Sauti ndogo, kama bawaba isiyo na mafuta. Nikamuuliza nesi, huyo si wangu? Akaniambia si wako, huyo wa kitanda cha pili, wako amekwisha, pumzika. Kitanda cha pili kilikuwa kitupu, Mama. Godoro lilikuwa limekunjwa."

Nikakaa chini pale pale, juu ya fungu la shuka.

"Nililala namsikiliza. Ananyamaza, analia tena. Ziwa likaanza kudondoka lenyewe, gauni likalowa. Neno lilikuwa hapa." Akajigusa koo. "Nikaogopa wataniona mwendawazimu. Halafu akanyamaza, sikumsikia tena."

Kibiriti alikuwa amepiga magoti mbele yake. Hakumwambia si kosa lako. Hakumpa sababu yoyote. Alimuuliza tu, taratibu, "Ulitaka kumwambia nini yule nesi, Mama?"

Mvua ilikuwa inapiga bati, na mwanangu alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ambayo mtu anaombea chumvi mezani.

"Nilitaka anipe mwanangu nimnyonyeshe. Nilijua hatakaa, sikuwa mjinga. Nilitaka nimpe ziwa, anyonye mpaka aache mwenyewe."